Wageni Waliovaa Koti la Mwenye Nyumba

Kila neno la kisa hiki ni kweli tupu. Naapa kwa mkasi wangu, ambao umekata suti za maharusi na sanda za wakwe bila kupinda hata unywele, na naapa kwa macho yangu yote mawili, hili linaloona na hili linalosindikiza mwenzake. Kinyozi, jirani yangu wa ukuta mmoja, akisikia mwanzo huu atasema, "Haya, ameanza." Mwacheni aseme. Kinyozi ni mtu anayeamini kile tu kinachodondoka sakafuni mwake.

Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Sikustaafu kwa kupenda. Vidole ndivyo vilivyostaafu, mimi nikavifuata. Chumba changu cha kazi, kile cha mbele kinachofungukia barabarani, kikabaki na meza ya kukatia, cherehani ya miguu, kiti changu na kioo. Hicho kioo ni kirefu kuliko mlango. Wateja wangu wote walijigeuza mbele yake wakivunja shingo ili waone mgongo umekaaje, na wote niliwaambia neno moja: "Usikiamini sana. Kioo ni rafiki mnafiki, ukimpa mkono wa kulia anakupokea kwa wa kushoto. Amini futi."

Kisha kitindamimba wetu akarudi nyumbani. Huyu alisomea mambo ya samaki, halafu dunia ikampa kazi mji wa mbali, kwenye ofisi isiyo na dirisha, kuhesabu makaratasi yasiyo na mapezi. Alipochoka akaja, akasimama mlangoni pa chumba changu, akasema, "Baba, nipe hapa nifuge perege wa mbegu." Nikampa. Juu ya meza ya kukatia yakapanda matangi ya vioo, mipira ya hewa ikatambaa ukutani, na mahali palipokuwa na harufu ya pasi ya mkaa pakawa na harufu ya mvua iliyokwisha kunyesha. Mama yake alifurahi hadi akaanza kuimba jikoni. Kwa masikio si jambo jema, ila kwa nyumba ni heri.

Kitu kimoja nilikataa. Kioo hakitoki.

"Samaki wanajiona humo, Baba," binti alinisihi. "Wanadhani kuna mwenzao anawatishia."

"Watazoea," nikamjibu. "Hata mama yako alizoea sura yangu."

Malkia wa matangi yale tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa perege jike, mpana, mzito, mwenye kovu jeupe shavuni aliloachiwa na dume mmoja mkorofi. Vifaranga vyote vilivyowahi kutoka chumbani mle ni vyake au vya binti zake. Vilikua haraka, havichagui maji, na wafugaji walikuja kutoka mbali kuvichukua. Mbegu yote ya mwanangu ilikuwa ndani ya samaki yule.

Ndipo ugonjwa ukaingia. Samaki wa tangi la mlangoni walianza kuogelea kwa kuzunguka, wakizunguka tu, mfano wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Macho yakawatoka nje. Wakaisha. Tangi la pili likafuata njia hiyohiyo, na humo walikuwa binti zake Bi Mkubwa wote. Daktari wa samaki, msichana mwenye buti za mpira na mkoba wa chupa, akachukua waliokufa akaenda nao maabara, akarudi na jibu na mfuko wa chakula kilichochanganywa dawa.

"Bi Mkubwa ugonjwa umemgusa, lakini haujamshika," alisema. "Akila hiki, atapona. Asipokula, dawa yangu ni mchanga tu."

Bi Mkubwa hakula. Mwanzoni tulitumaini ana mayai, kwa maana perege jike hulea mayai yake kinywani, na akiwa nayo hafungui biashara nyingine yoyote. Daktari akamfungua kinywa taratibu kwa kidole. Kitupu, mfano wa mfuko wa suruali mpya.

Siku hiyo daktari alikaa akanywa chai, akaeleza mambo marefu kuhusu bakteria na kinga ya samaki, ambayo mimi sikuyasikiliza. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano.

Nilichokiona ni hiki: sanduku la safari la binti yetu, lililokuwa juu ya kabati, lilikuwa limeshushwa. Amelifuta vumbi. Nilimsikia akimwambia mama yake, "Bi Mkubwa akifa, mbegu imekatika, Mama. Ile ofisi wamesema kiti changu bado kiko wazi." Mama yake akaacha kuimba. Nyumba ikawa na kimya cha aina ile kinachokufanya utembee ukinyata hali hujamwibia mtu.

Sasa ndipo tunafika kwenye ukweli wenyewe.

Asubuhi moja niliwaita wote chumbani: mke wangu, binti, daktari aliyekuwa amekuja kumtazama mgonjwa, na kinyozi, ambaye hakuitwa lakini ukuta wetu ni mwembamba. Nikawaambia, "Wasiwasi uishe. Jana mchana nimeingia ndani ya Bi Mkubwa. Nimeona kila kitu na nimekirekebisha."

"Ameanza," akasema kinyozi.

"Bado sijaanza."

"Fundi, wewe ndiye uliyetuambia umemshonea tembo gauni la kulalia."

"Lilikuwa shati la kulalia. Usinisingizie."

"Basi weka dhamana," akasema, na macho yake yakaenda moja kwa moja ukutani, alikozoea kuyapeleka tangu tuwe majirani. Duka lake lina kioo chenye ufa unaowagawa wateja wake nyuso mbili. "Tukikukamata na uongo mmoja, mmoja tu, kioo kinahamia kwangu."

Damu ikanipanda. Mtu na ukweli wake! "Naweka kioo!"

Binti yangu, ambaye siku nyingi hakuwa ameinua uso, akainua.

Nikawasimulia kama ninavyowasimulia ninyi.

Mchana ule nyumba ilikuwa imelala. Jua liliingia kwa dirisha, likapita ndani ya maji, likatoka upande wa pili likiwa laini, na kuta zote zikawa zinacheza taratibu kama shuka kwenye kamba. Pampu ya hewa ilikuwa ikikoroma koromo la paka aliyeshiba. Nilisimama kando ya tangi. Nasema nilisimama, sikuketi. Nikatia mkono majini. Bi Mkubwa akaja polepole, akanitazama kwa jicho lisilo na kope, na mimi nikaanza kupungua.

Kwanza saa ikateleza mkononi. Kisha mikono ya shati ikanifunika vidole. Kisha shati likawa hema, nami nimekaa ndani yake natafuta mlango. Nikawa mdogo kama kifungo, nikawa mdogo kama tundu la kifungo, nikawa ncha ya uzi inayotafuta tundu la sindano. Bi Mkubwa akavuta maji, na mimi nikavutwa nayo. Niliingia kwa shavu la kushoto, palepale penye kovu. Nililiona likipita juu yangu, refu, jeupe, mfano wa ukingo wa mlima wakati wa ukungu.

Ndani kulikuwa na mapazia. Mekundu, safu kwa safu, membamba kuliko hariri yoyote niliyowahi kuipitishia sindano, na yote yakipepea pamoja. Nikapenya pazia moja bila kulichana, nikajikuta mtoni. Ulikuwa mto wa vifungo vyekundu, na kila kifungo kina kokwa katikati yake. Vilikuwa vinateremka bila kugongana. Na kutoka mbali, chini huko, nikasikia sauti niliyoijua kuliko sauti ya marehemu mama yangu: cherehani ya miguu. Ta-ka. Kimya. Ta-ka. Kimya. Ulikuwa moyo wake.

"Hapo ulilala," akasema kinyozi.

"Hapo niliamka," nikamjibu. "Tulia."

Niliteremka na vifungo hadi mahali ambapo mto unapanuka, na hapo akanisimamisha askari. Mweupe, mnene, hana mfupa wala umbo, donge la unga lililojifunza kutembea. Macho hana. Alinyoosha mkono mlaini, akanipapasa kichwani, mabegani, kifuani.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Fulana, mkuu."

"Si kitambaa cha humu."

"Nimekuja nayo."

"Sheria yangu ni moja," akasema, na akaanza kujifungua katikati kama mdomo wa gunia. "Nikikupapasa nikaona wa humu, pita. Nikikuona mgeni, nakumeza."

"Mkuu, subiri! Mimi ni fundi. Ukila fundi, nani atakushonea sare?"

Akasita. Nadhani hakuwahi kuulizwa. Na katika kule kusita kwake nikaangaza macho, nikawaona.

Walikuwa wamekaa ukutani, kwenye kingo za mshipa, watu wadogo wa mviringo, wameshikana mikono mmoja baada ya mwingine kama shanga kwenye uzi. Na wote wamevaa makoti. Makoti yenyewe, jamani! Nimeshona maisha yangu yote sijaona kitambaa cha namna ile. Kimefumwa kwa sukari, chembamba, kinang'aa bila kuwaka. Nikageuka nikatazama kuta za nyumba. Kitambaa kilekile. Bi Mkubwa alikuwa ametandika nyumba yake yote, kila ukuta, kila kizingiti, kwa kitambaa kile kile walichokivaa wale.

"Na wale, mkuu?"

Askari akawaendea, akampapasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mkono wake ukipita taratibu. "Hawa ni wa nyumbani," akasema. "Habari za mchana, wanangu."

"Njema, mkuu," wakaitika kwa sauti moja. "Salamu kwa watoto."

Fundi akionyeshwa koti hafanyi kama watu wengine. Haangalii bega wala kola. Anainua pindo. Nikamsogelea aliyekuwa karibu, nikainua pindo lake, nikatazama bitana. Lahaula! Nje koti la mwenye nyumba, ndani mshono wa wizi, uzi umeachwa unaning'inia, na chini ya bitana ngozi isiyo ya pale kabisa.

"Mkuu," nikaita, "papasa huku ndani."

Askari akaleta mkono. Yule bwana mdogo akanitazama, akatabasamu, akafungua kifungo, akateleza kutoka kwenye koti mfano wa sabuni mkononi. Askari akalirukia koti tupu, akalifunika, akalimeza lote kwa majivuno.

"Nimemkamata!"

"Mkuu, umekamata koti."

"Koti ni ushahidi."

Kando yake, yule aliyetoroka alikuwa tayari anafuma jingine. Mkono wake mwepesi kuliko wangu ujanani. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Na hapo kinyozi akasogeza kigoda karibu.

Askari akakohoa. Akajishika katikati. "Nina kiungulia," akasema. "Kila ninachomeza siku hizi hakishuki."

Nikaweka sikio kwenye ubavu wake. Ndani kulikuwa na mazungumzo. Kulikuwa na vicheko. Wale aliowahi kuwameza hawakufa. Walijifungia kwenye mfuko wa tumbo lake, wakakomea mlango kwa ndani, yale maji makali ya kuwayeyusha yakabaki nje yanabisha hodi.

"Fundi!" mmoja akaniita kutoka humo. "Karibu ndani. Hatutafutwi na mtu. Nani atatafuta mwizi tumboni mwa polisi?"

"Na mnakula nini?"

"Cha huyu huyu. Tena tunasafirishwa bure. Juzi katushusha kwenye figo. Leo anatupeleka kichwani."

Kichwani! Ndipo nikaelewa kwa nini wale wa tangi la mlangoni walikuwa wakizunguka. Walinzi wao wenyewe ndio waliowabeba wageni hadi ubongoni, hatua kwa hatua, wakipapasa njia, wakisema kila wanapofika, hapa pako salama. Nikamtazama yule donge maskini, mwaminifu, anayeumwa tumbo na haachi kazi. Nikamhurumia.

Na kule ukutani, wale wenye makoti walikuwa wananong'ona. Nilidhani wanasali. Walikuwa wanahesabiana. Kila mmoja anamnong'oneza wa pembeni, naye wa pembeni yake, "Tuko wangapi? Bado. Tulieni. Tukiwa wengi ndipo tutaanza." Mnong'ono ule ulikuwa mtamu, unaleta usingizi, na mto unapita, na moyo unashona.

"Mkuu," nikasema kwa shida, "kuna dawa. Mwanangu ameiweka kwenye chakula."

"Tumesikia habari zake," akajibu. "Lakini lango limefungwa. Bi Mkubwa hafungui kinywa."

"Kwa nini?"

"Sisi wa chini hatuambiwi. Panda juu kwenye jicho, ukatazame mwenyewe."

Nikapanda. Jicho la samaki ni chumba cha mviringo, kina ukimya wa nyumba ambayo wenyewe wamesafiri, na ukuta wake mmoja ni maji matupu. Nikasimama nikatazama nje. Mbele yetu, ng'ambo ya mwanga, alikuwepo samaki mwingine. Mkubwa, mpana, anatukodolea. Tukisogea, anasogea. Tukisimamisha pezi la mgongo, anasimamisha la kwake. Hali, halali, haondoki. Na chini yangu nikasikia cherehani inakwenda mbio, ta-ka-ta-ka-ta-ka, na ubaridi wa hofu ukiteremka kutoka juu, chumba kwa chumba, na kila ulipofika askari mmoja analegea, anaketi chini, mikono imemwanguka. Na kando ya samaki yule, kwenye kiti, mzee mmoja alikuwa amelala kinywa wazi.

"Mzee gani?" mke wangu akauliza.

"Mzee tu. Hakunihusu."

"Sweta la rangi gani?"

"Sikuona vizuri. Kulikuwa na maji."

Mke wangu akaguna ule mguno wake ambao nimeoana nao. Nikaharakisha.

Nikateremka. Nikachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, ambayo haijawahi kutoka nyuma ya sikio langu, nikapita ukutani nikiwachora wale wageni mstari mgongoni, mmoja mmoja. Wakicheka nawachora, wakinuna nawachora. Nikamwambia askari, "Mkuu, sahau habari ya kitambaa. Ukipapasa ukagusa chaki, meza, na ukimeza usibembeleze." Akamgusa wa kwanza. Akatulia. Uso hana, lakini niliona kama umemng'aa. Kisha akawapigia kelele wenzake, na mimi nikachukuliwa na maji, nikatoka kwa shavu lilelile la kushoto, nikakua njiani, nikajikuta nimesimama kando ya tangi, mkono majini na chaki imelowa.

Nikaitoa chaki nikaionyesha. Ilikuwa imelowa kweli.

"Chaki iliyolowa ni shahidi wa maji," akasema kinyozi. "Si shahidi wa samaki."

Daktari alikuwa anacheka hadi buti zinalia. "Mzee," akasema, "habari ya makoti ni kweli. Hao bakteria hujifunika sukari inayofanana na ya mwili wa samaki, ndiyo maana kinga haiwatambui. Na ni kweli wengine humezwa na chembe nyeupe za damu, wakaishi humo humo."

"Mmesikia!" nikamgeukia kinyozi.

"Ni kweli kwa sababu nilikueleza mwenyewe, Mzee. Siku ile ya chai. Habari ya koti ukanifanya niirudie mara mbili."

"Mtu anaweza kusikia jambo," nikasema kwa heshima zangu zote, "kisha akaenda kulihakikisha."

Hata kinyozi alikubali kuwa hapo hawakunipata. Lakini binti yangu hakucheka. Alichukua punje ya chakula cha dawa akaidondosha majini. Punje ikashuka, ikapita mbele ya mdomo wa Bi Mkubwa, karibu kabisa, ikaendelea kushuka hadi chini ikalala na wenzake. Bi Mkubwa hakuitazama. Alikuwa ameukazia macho upande mmoja, mapezi yamesimama.

Kicheko kikaisha. Nikamwona mwanangu akifuta mikono kwenye gauni lake, akiifuta na kuifuta, na nikajua mawazo yake yamefika kwenye sanduku.

"Baba," akasema. "Uliingia shavu gani?"

"La kushoto, mwanangu. Penye kovu."

"Una hakika?"

"Nikate kichwa."

"Njoo utazame."

Tukainama wote, vichwa vinne na cha kinyozi. Bi Mkubwa akageuka taratibu ndani ya maji, akatupitishia ubavu wa kushoto. Shavu safi, linang'aa, halina hata mkwaruzo. Akageuka tena. Kovu lilikuwa kulia.

"Samaki hugeuka," nikasema.

"Kovu haligeuki," akasema mke wangu.

Binti aliniashiria tu nitazame ukutani. Mle kwenye kioo, ndani ya mwanga ule unaocheza, aliogelea Bi Mkubwa wa pili, ana kovu jeupe kwenye shavu la kushoto. Na mbele ya kioo, kimeupa mgongo mlango na tangi, ndicho kiti changu.

"Nilipita hapa jana mchana," mke wangu akasema pole pole, akionja kila neno. "Nilikukuta kwenye kiti hicho, sweta lako la kijivu, kinywa wazi. Nikakufukuzia nzi. Chaki ilikuwa imekuangukia kwenye kikombe cha chai."

"Fundi," akasema kinyozi, naye sauti yake ilikuwa na huruma ya mtu anayefungua mlango wa jela kukuingiza, "si wewe uliyetuimbia miaka yote kwamba kioo ni rafiki mnafiki?"

Nina maneno mengi, mnajua. Lakini binti yangu alikuwa ananitazama, si kwa ushindi. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo, anaomba kitu ambacho tayari amejua atanyimwa. Na nikamkumbuka yule samaki wa ng'ambo ya mwanga, asiyekula wala kulala. Nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya watu.

"Shika upande ule," nikamwambia kinyozi.

Kioo kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka. Tulikitoa kwa ubavu, yeye mbele mimi nyuma, tukaingia nacho barabarani, na barabara nayo ikaingia ndani yake. Kwa zile hatua chache tulibeba mabati ya nyumba, waya za umeme, mawingu na ndege mmoja asiye na haraka. Mtu wa baiskeli alijiona anajijia mwenyewe, akapiga kengele, akakaa pembeni kujipisha. Tukakitundika kwa kinyozi. Akakipangusa kwa kiwiko chake, akajitazama. Nadhani kwa mara ya kwanza alijiona mzima.

Niliporudi, ukutani palikuwa na alama ndefu ya rangi ya zamani, kijani cha jani changa la mgomba, rangi niliyoipaka nikiwa na nywele. Bi Mkubwa alikuwa amesogea hadi kwenye kioo cha tangi lake, mdomo umekaribia kukigusa. Alimtafuta yule mwingine. Akaenda pembe hii, akarudi, akaenda ile. Akasubiri. Mwanga ulikuwa ukicheza juu ya ukuta mtupu. Kisha pezi lake la mgongo, lile lililosimama siku zote kama meno ya kitana, likalala.

Binti akadondosha punje. Ikapita.

Akadondosha nyingine. Bi Mkubwa akainama, akaifyonza, akaitema. Daktari akanishika mkono. Sijui kama alijua ni wangu. Punje ikashuka kidogo. Bi Mkubwa akaifuata, akaichukua tena, na safari hii mashavu yote mawili yakafunguka na kufunga, yakafunguka na kufunga, na punje haikurudi.

Mwanangu akaweka paji la uso kwenye tangi, akabaki hivyo.

"Punje moja si kupona," daktari akasema. "Lakini lango limefunguka."

Mke wangu akatoka. Tulimsikia chumbani akiburura kitu, akipanda juu ya stuli, akisukuma. Lilikuwa sanduku, linarudi juu ya kabati, na hakumwuliza mwenye nalo. Kisha sauti ikatoka jikoni, imepotoka kama pindo la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alikuwa anaimba.

Jioni nilikwenda kwa kinyozi kukiaga kioo changu. Akanikalisha kwenye kiti chake, mbele yake kabisa, akanifunga shuka shingoni, akanipaka povu bila kuniuliza.

"Unajua," nikamwambia, "ile ya shavu la kushoto nilisema makusudi. Fundi mzima, miaka yote ile, nichanganye kulia na kushoto? Nilitaka mtoto apate nafasi bila mimi kuonekana nimeshindwa. Naapa kwa mkasi wangu..."

"Fundi," akasema, wembe umetua kooni pangu kwa upole, "una kitu kingine cha kuweka dhamana?"

Nikafunga kinywa.

"Haya, nigeuzie shavu la kulia."

Nikatazama kioo, nikachagua, nikageuza.

"Hilo," akasema kinyozi, "ni la kushoto."